Uchambuzi wa kisa: Mzazi aliyejaa maji kwenye mapafu, dopamini iko mezani, eko ikabadilisha mpango

Kisa hiki kimetokea kwenye hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Mkoa sitautaja, umri nimeusogeza kidogo, na vitu vya kumtambulisha mgonjwa nimevitoa vyote, tutamwita Dada basi. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu kwenye mafaili yetu "CCF" (moyo kushindwa kufanya kazi) inaandikwa kama vile ndo jina la ugonjwa, mtu akishaandika CCF anaendelea na Lasix, dawa ya kukojoza maji, na maisha yanasonga, wakati CCF inakwambia tu kwamba moyo umezidiwa, haikwambii umezidiwa na nini. Na hapa kilichokuwa kinamzidia kilikuwa kinataka dawa ambayo ni kinyume kabisa na ile iliyokuwa imeshatolewa stoo.

Alikotoka

Dada ana miaka ishirini na kitu, mimba ya tatu. Mbili za kwanza alijifungua salama, ila ya pili anakumbuka alichoka sana wiki za mwisho na watu wakamwambia ni mtoto mkubwa. Hii ya tatu kuanzia mwezi wa sita hivi akawa hawezi kupandisha kilima cha kwenda kisimani bila kusimama mara mbili tatu, usiku analalia mito mitatu, na kikohozi kikavu ambacho mara moja moja kinatoka na michirizi ya damu. Alipimwa makohozi ya TB, hakukutwa na kitu. Zahanati wakamwambia ana pumu, akapewa vidonge vya salbutamoli, akawa anameza na anasema mwenyewe kwamba vilikuwa vinamfanya moyo uende mbio na hali inakuwa mbaya zaidi, lakini ameshaambiwa ni pumu afanyeje.

Kitu kimoja tulikuja kukijua siku ya pili kutoka kwa mama yake mzazi, sio kwake. Akiwa darasa la tano alikaa nyumbani karibu muhula mzima, magoti yanavimba, yakipoa yanahamia kwenye vifundo vya miguu, alafu viwiko. Walimpeleka kwa mtaalamu wa mitishamba, maumivu yakaisha, hakuna aliyeongelea moyo.

Alijifungulia kituo cha afya, kawaida tu, saa mbili usiku, mtoto mzima. Wakati wa uchungu aliwekewa dripu za Ringer's, na kwa maelezo ya nesi aliyemsindikiza zilikuwa nne za nusu lita, yaani lita mbili, maana presha ilikuwa inasoma chini chini na wakahisi ana upungufu wa maji. Akachomwa oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, baada ya mtoto kutoka. Saa sita hivi za usiku akaanza kubanwa, akawa hataki kulala, anakohoa povu la pinki. Gari la wagonjwa likatafutwa, barua ya rufaa ikaandikwa mistari miwili: "CCF baada ya kujifungua, au nimonia."

Alivyofika mapokezi

Saa nane usiku. Anaingia amekaa, kashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, hawezi kumaliza sentensi. Mapigo ya moyo 148, presha 98/64, anapumua mara 38 kwa dakika, oksijeni ya damu 79% bila mashine, joto 36.8. Mikono ya baridi. Mapafu yanakoroma kuanzia chini mpaka karibu na mabega pande zote mbili, mishipa ya shingo imesimama, miguu imevimba kiasi. Kusikiliza moyo kwa kasi ile na kelele zile za mapafu, kwa kweli hakuna aliyesikia kitu cha maana zaidi ya kwamba unaenda mbio. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ilionyesha mapigo yamepangika, hayajavurugika, ni kasi tu, na ncha ya P, lile wimbi la vyumba vya juu, imegawanyika mara mbili kwenye lidi ya pili. Hiyo P mtu aliiona ila haikumsimamisha mtu kwa wakati ule.

Mambo ya kwanza hayakuwa na ubishi: akaketishwa wima miguu ikining'inia, oksijeni ya maski yenye mfuko lita 15, kanula mbili, Lasix 40 mg ya mshipa, katheta ya mkojo, dripu iliyokuja imetundikwa toka kwenye gari ikafungwa. Oksijeni ikapanda mpaka 88% ikagoma hapo.

Ubishi ulianza kwenye hatua inayofuata. Mama aliyejifungua saa chache zilizopita, mapafu yamejaa, presha iko chini ya 100, mikono baridi: picha iliyokuja kichwani kwa timu nzima ni moyo uliotanuka na kulegea baada ya uzazi, ule ugonjwa wa misuli ya moyo unaokuja mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya mwanzo baada ya kujifungua. Kwetu huku upo, sio wazo la ajabu. Na kama misuli imelegea na presha inashuka, unaisaidia kusukuma. Kwenye dawa za kuusaidia moyo kusukuma, dobutamini hatukuwa nayo, dopamini ilikuwepo, daktari wa intani akaitoa, sista akaanza kuhesabu matone. Daktari mwandamizi wa zamu akasema isitundikwe kwanza, tuuangalie moyo.

Mashine ya wajawazito

Hapa niseme ukweli wa mazingira. Eko (mashine ya kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti) yenye probu ya moyo, yaani kile kichwa kinachowekwa kifuani, iko idara ya radiolojia, inafunguliwa asubuhi. Usiku mashine iliyopo ni ya wodi ya wazazi, ina ile probu pana iliyopinda ya kuangalia mimba, na usiku ule ilikuwa imefungiwa ofisini, ufunguo anao sista kiongozi nyumbani kwake. Mpaka mashine inafika kitandani ilishapita kama dakika arobaini.

Probu ya mimba kwenye moyo inasumbua, uso wake ni mpana kuliko nafasi kati ya mbavu kwa hiyo kila mahali unapata kivuli cha mfupa, na mgonjwa hawezi kulala ili umwangalie kwa chini ya mbavu. Walichofanya ni kumwinamisha kidogo upande wa kushoto akiwa bado amekaa, mto mgongoni, sista amemshika bega, probu ikawekwa kushoto kwa mfupa wa kifua ikiwa imegeuzwa kufuata mwelekeo wa mbavu, kina kikapunguzwa, na picha ikachukuliwa kwenye vile vipande vifupi kati ya pumzi na pumzi. Mbaya, lakini maswali yalikuwa machache na yalijibika kwa macho tu bila vipimo.

La kwanza, chumba cha chini cha kushoto kinasukuma au hakisukumi? Kilikuwa kinasukuma vizuri sana, chenyewe ni kidogo, kuta zinakaribia kugusana kila pigo. Wazo la misuli iliyolegea likafia hapo hapo.

La pili, kwa nini basi maji yako kwenye mapafu? Chumba cha juu cha kushoto kilikuwa kikubwa mno, karibu mara mbili ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, iliyo jirani yake. Na vali ya mitrali, ule mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, jani lake la mbele, badala ya kupepea huru lilikuwa nene, ncha imeganda, katikati linatuna, kila likijaribu kufunguka linajikunja kama goti. Ukishaiona hiyo mara moja huisahau. Dopla ya rangi, inayoonyesha mtiririko wa damu, ikaonyesha damu inapita pale kwa kijitundu chembamba, rangi zimechanganyika.

La tatu, upande wa kulia ukoje? Umetanuka, na ukuta wa kati umesukumwa kuelekea kushoto, maana yake presha ya mapafu iko juu kwa muda mrefu, hii haikuanza leo.

La nne, kuna maji yanayouzunguka moyo? Hakuna. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka chini, IVC, waliupata kwa pembeni kupitia ini, sentimita 2.4 na hautikisiki akivuta pumzi. Alafu probu ikahamia kwenye mapafu, na hapo probu ya mimba haina shida yoyote: mistari B, ile mistari myeupe inayoshuka toka juu mpaka chini ya skrini, mingi, mbele na pembeni, kulia na kushoto. Hiyo sio nimonia ya upande mmoja, ni maji.

Kwa hiyo jibu la saa tisa usiku: mitrali imebana kutokana na homa ya rumatiki ya utotoni (ndo yale magoti ya darasa la tano tuliyokuja kuyasikia baadaye), chumba cha chini cha kushoto kizima kabisa, damu imekwama nyuma ya vali.

(Kuna kitu huwa kinanifurahisha hapa. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanza kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti pale Lund, Sweden, mwaka 1953, shida aliyokuwa nayo Edler ilikuwa hii hii, kujua mitrali ikoje kabla mgonjwa hajapelekwa kupasuliwa. Yaani kipimo chenyewe kilianza kwa kutafuta ugonjwa huu ambao huko kwao umeshakuwa nadra na kwetu bado tunauona kwa mabinti.)

Uamuzi, na kwa nini

Vali iliyobana inahitaji muda. Damu inapita pale wakati moyo umepumzika, kati ya pigo na pigo. Kwenye mapigo 75 mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.8, kwenye 148 ni sekunde 0.4 tu, na kinachokatwa zaidi ni huo muda wa kupumzika, sio muda wa kusukuma. Kwa mtu mwenye vali nzima haijalishi sana. Kwake yeye kila pigo linaloongezeka linaacha damu nyingi zaidi nyuma, presha ya mapafu inapanda, maji yanavuja, anabanwa, anaogopa, mapigo yanapanda tena. Na kwa upande wa mbele chumba cha chini kinapata damu kidogo ya kusukuma, ndo maana presha 98 na mikono baridi. Dopamini ingeenda kukimbiza moyo ambao tayari tatizo lake ni mbio.

Kwa hiyo dopamini ikarudishwa. Ikaamuliwa metoprololi, dawa ya kupunguza mapigo, 25 mg ya kumeza, ya sindano haikuwepo, anywe na maji kidogo mara tu akiweza kumeza. Sista mwandamizi, ambaye ameona wagonjwa wengi kuliko wote pale, akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza:

"Dokta, presha 98, mapafu yamejaa, alafu unampa metoprololi? Si atatuzimikia hapa?"

Akajibiwa, "Sista, moyo wake una nguvu, haupati tu nafasi ya kujaa. Tukiupunguza mbio utajaa, na presha itapanda yenyewe. Tunakaa naye hapa hapa, tunapima kila dakika kumi, ikishuka chini ya 85 tunaanza noradrenalini ya kupandisha presha kidogo kidogo."

Labetalo ya sindano ipo kwenye wodi ya wazazi kwa ajili ya kifafa cha mimba na presha, na kuna aliyeipendekeza. Ilikataliwa kwa sababu inalegeza na mishipa, na mtu ambaye tundu lake ni dogo hawezi kuongeza damu ya kufidia mishipa ikilegea, presha ingeanguka. Hidralazini, dawa nyingine ya kushusha presha, hivyo hivyo. Digoksini, dawa nyingine ya kupunguza mapigo, nayo ilitajwa. Kama mapigo yangekuwa yamevurugika ingekuwa na kazi, kwenye mapigo yaliyopangika haimpunguzii mbio kwa maana yoyote. Salbutamoli ilifutwa kabisa kwenye shiti, ikaandikwa kwa herufi kubwa ASIPEWE, maana mapafu yanayopiga filimbi yakionekana usiku mtu wa zamu nyingine anaweza kuirudisha kwa nia njema.

Lasix nyingine 40 mg baada ya saa moja. Mkojo ulitoka mililita 700 ndani ya saa mbili. Na maji ya dripu, hakuna. Hili lina sababu ya ziada kwa mzazi: mfuko wa uzazi ukikaza baada ya mtoto kutoka unarudisha kama mililita 300 mpaka 500 za damu kwenye mzunguko kwa mkupuo, alafu ule uzito uliokuwa umekandamiza mshipa mkubwa umeondoka, damu inarudi moyoni kwa wingi. Ndo maana hawa wanavumilia mimba nzima alafu wanazama masaa machache baada ya kujifungua, wakati kila mtu ameshapumua. Lita mbili za Ringer's zilikuja juu ya hayo yote.

Saa kumi na nusu mapigo 118, presha 104/66. Saa kumi na mbili asubuhi mapigo 96, presha 108/70, oksijeni 95% kwa lita 5, akaomba chai.

Siku zilizofuata, na malumbano mawili

La kwanza lilitokea asubuhi ile ile. Aliyeandika ripoti ya usiku kwenye faili aliandika kwa ufupi "eko ya kitandani: EF zaidi ya 60%, kawaida". Timu ya asubuhi ikasoma, ikaandika "CCF imeondolewa, tibu nimonia", Lasix ikakatwa, antibayotiki ikaanza. Kama sio daktari wa usiku kuchelewa kuondoka na kukutana nao kwenye raundi, ingepita hivyo. EF inasema chumba cha chini kinatoa sehemu gani ya damu iliyomo, haisemi kama damu inafika humo. Kwa Dada EF ilikuwa nzuri kwa sababu tatizo liko mlangoni, kabla ya chumba chenyewe.

Mchana eko kamili ikafanyika radiolojia kwa probu ya moyo, mapigo yakiwa 96. Tundu la mitrali lilipimwa kwa kulizungushia mstari: sentimita za mraba 0.9. Kawaida ni 4 mpaka 6, na kuanzia 1.5 kushuka tunaita kubana sana. Tofauti ya presha kati ya juu na chini ya vali wastani 14 mmHg. Damu inayorudi kwenye vali ya kulia ilikuwa na kasi ya mita 3.8 kwa sekunde, ukipiga hesabu na kuongeza presha ya chumba cha juu cha kulia unapata presha ya mapafu 70 na kitu. Alama za Wilkins, zinazopima vali imeharibika kiasi gani, ni 7, vali imebana ila bado laini, haina chokaa nyingi, mitrali inavujisha kidogo tu. Damu iliyoganda ndani ya chumba cha juu haikuonekana, ingawa kwa kuangalia kupitia kifuani kile kipembe cha pembeni hukioni vizuri na kabla ya vali kufunguliwa kwa puto lazima aangaliwe kwa probu ya kumeza.

Siku ya nne, mapigo yakiwa 70, kipimo kikarudiwa. Tundu lile lile 0.9. Tofauti ya presha: 8. Vali haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni muda. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zinafundisha kuliko maelezo yote niliyoyatoa hapo juu, na pia zinaonya kwamba ukiandika namba ya tofauti ya presha bila kuandika mapigo yalikuwa mangapi hujaandika kitu.

Lumbano la pili lilikuwa siku ya tatu. Lasix ilikuwa imerudi, 40 mg ya mshipa mara mbili kwa siku. Miguu bado imevimba, chini ya pafu la kulia bado kunakoroma, na kuna waliotaka dozi ipandishwe. Lakini asubuhi ile Dada alisimama kwenda msalani akaona giza, presha 88/58, mapigo yamerudi 104. Probu ikapitishwa tena, dakika tano tu kitandani: mistari B mbele imeisha yote, imebaki michache chini kulia, IVC sentimita 1.1 na inajifunga kabisa akivuta pumzi. Mapafu yamekauka, tanki liko tupu. Uvimbe wa miguu ulikuwa wa uzazi na wa upungufu wa damu (hemoglobini 8.9), sio wa moyo. Lasix ikasimamishwa siku moja, ikarudi kwa kidonge 40 mg mara moja kwa siku, presha ikapanda bila dripu yoyote. Vali iliyobana inahitaji presha ya kutosha nyuma yake ili damu ipite, ukimkausha kupita kiasi unamrudisha kwenye presha ndogo na mapigo ya mbio, na mduara unaanza upya kwa mlango mwingine.

Alivyoondoka

Aliruhusiwa siku ya tisa na metoprololi mara mbili kwa siku, Lasix kidonge, vidonge vya damu, na penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi. Kwenye penisilini kuna jambo watu wengi hawajalipata: tumezoea sindano ya benzathini penisilini uniti milioni 1.2 ya kwenye nyama kila wiki nne, ila Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2022 kilitoa tahadhari kwamba wagonjwa wenye vali iliyobana sana au dalili kali wako kwenye hatari ya kuanguka ghafla baada ya sindano, sio kwa aleji bali moyo hauvumilii, na kwao vidonge ni salama zaidi. Akapewa vidonge, sindano ikasubiri mpaka vali ifunguliwe. Metoprololi ilichaguliwa badala ya atenololi kwa sababu ananyonyesha na atenololi inaingia kwenye maziwa zaidi.

Mazungumzo ya uzazi wa mpango yalikuwa magumu kuliko yote, kwa sababu mama mkwe alikuwepo na ndo msemaji wa familia. Daktari alianza na shikamoo, akaeleza kwa kuchora kwenye karatasi. Mama akauliza, "Sasa mwanangu, unaniambia huyu hatazaa tena?" Akajibiwa, "Hapana mama, nasema asishike mimba kabla vali haijafunguliwa, ikifunguka tutakaa tena tuongee." Mume ndo akasema basi waweke kijiti. Wakaweka kabla hajatoka, cha homoni moja, sio vidonge vya mchanganyiko ambavyo vinaongeza kuganda kwa damu.

Rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ilichukua miezi miwili na ushee kwa sababu ya nauli na bima. Vali ikafunguliwa kwa puto, ile njia aliyoianzisha Kanji Inoue wa Japani miaka ya 1980, hakuna kupasua kifua. Tundu likatoka 0.9 kwenda 1.8. Aliporudi kliniki presha ya mapafu ilikuwa imeshuka na analalia mto mmoja.

Kilichofanya kazi

Eko ilifanyika kabla ya dawa ya kuukimbiza moyo, hilo ndo kubwa. Na ilifanyika kujibu swali moja linaloamua dawa, haikusubiri mtaalamu wala probu nzuri. Ingesubiriwa ya asubuhi, dopamini ingekuwa inatiririka masaa matano.

Pili ilirudiwa. Watu wengi wanaichukulia eko kama eksirei ya mfupa, ukishapiga umepiga. Hapa ile ya kwanza ilisema ugonjwa ni nini, ya siku ya tatu ikasema acha Lasix, ya siku ya nne ikaonyesha kwamba dawa ya mapigo inafanya kazi. Kwenye hizo tatu, ya siku ya tatu ndo ilikuwa ya kijinga kuliko zote kiufundi, mistari na mshipa mmoja, na nadhani ndo iliyomwokolea figo.

Tatu, sista alipewa nafasi ya kupinga na akajibiwa kwa sababu. Angenyamazishwa angeshikilia ile dozi "mpaka presha ikae sawa", na presha isingekaa sawa.

Kilichokwama

Miezi mitatu ya kubanwa pumzi, kukohoa damu, TB hakuna, salbutamoli inamzidishia. Mlio wa mitrali iliyobana ni mzito na wa chini, ukimsikiliza mtu amekaa kwenye benchi la kliniki hutausikia, inabidi alale upande wa kushoto na utumie kengele ya stetoskopu. Lakini hata bila kuusikia, mjamzito anayelalia mito mitatu hatakiwi kubaki na jina la pumu. Utafiti wa THESUS-HF uliochapishwa 2012, wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi kutoka nchi 9 za Afrika, wastani wa umri ulikuwa miaka 52, presha ikiongoza kama chanzo. Kwa hiyo ukimwona mwenye miaka ishirini na kitu ameshazama, fikiria vali au ule ugonjwa wa misuli ya moyo wa baada ya uzazi kabla ya kitu kingine, na hizo mbili hazitofautishwi kwa stetoskopu saa nane usiku.

Dripu za uchungu zilitolewa kwa presha ya chini bila mtu kujiuliza kwa nini iko chini kwa mtu asiyetoka damu. Barua ya rufaa haikuandika lita ngapi, tulijua kwa sababu nesi alikumbuka. Ufunguo wa mashine sasa hivi unakaa kwenye droo ya mapokezi, ilichukua vikao viwili.

Na ile ripoti ya "EF 60%, kawaida". Fomu ya eko ya kitandani imebadilishwa, EF haipo tena mstari wa kwanza. Inaanza na vali zinafunguka au hazifunguki, vyumba vya juu vikoje ukilinganisha na aota, upande wa kulia ukoje, IVC, mapafu, alafu mwishoni kabisa ndo nguvu ya kusukuma, na pembeni kuna kisanduku cha mapigo ya moyo wakati picha inachukuliwa. Madaktari wa intani wanalalamika fomu ni ndefu.